Mwenye Nyumba Aliyetaka Kurithisha Njia

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kuwaandikia watu hati lilipendeza macho. Nilimwandikia mwenye nyumba wangu wosia kwa kompyuta, kichwa katikati, pambizo sawa kila upande, mstari mwembamba ukiuzunguka ukurasa kama fremu ya picha ya harusi. Niliuchapisha upya kila nilipoona herufi imekaa vibaya. Alipotia sahihi chini, nilihisi kwamba mara hii nimefanya kitu kamili. Karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote. Sheria yetu inataka wosia unaowekwa nyumbani uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na sahihi yake. Asiyeweza au asiyetaka kuandika huenda kwa notaire, ofisa anayethibitisha hati, akayasema maneno yake mbele ya mashahidi. Mimi niliuondoa mkono wa mzee ili ukurasa uwe safi.

Sikusoma sheria shuleni. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Nyalukemba, na niliyoyajua niliyasoma mwenyewe kwenye simu, saa ambazo wateja hawapo. Mtu aliyejifundisha peke yake ana hofu moja isiyomwacha: kwamba kuna ukurasa ambao wenzake wote waliusoma na yeye aliuruka. Kwangu mimi ukurasa huo ulikuwepo kweli.

Avenue nzima, yaani barabara yetu yote, ilimwita Bailleur, neno la Kifaransa tunalomwita mtu anayepangisha nyumba. Hata wasiopanga kwake walimwita hivyo. Wanawake wanaouza mboga barabarani walisema "Papa Bailleur", na watoto walisema "Bailleur anakuja" kisha wakatawanyika. Niliishi kwenye chumba chake cha nyuma kwa miaka mingi, na sikumbuki kumsikia mtu akitamka jina lake la ubatizo isipokuwa padri.

Funguo zake zote alizivaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Alilala nazo. Kanisani zililia kila alipopiga magoti, na kwaya ilikuwa imezoea. Aliwajua wapangaji wake kwa harufu na kwa sauti. Alikuwa amekataza pasi za umeme, akisema waya za nyumba ni za zamani kuliko sisi. Jumapili asubuhi alisimama uani, pua juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Niko nasikia arufu ya shati ya moto. Nani iko anapasi?"

Alingoja kidogo, kisha akasema, "Ni sawa. Mungu atakuona na shati isiyonyooka, ao atakuona na nyumba iliyoungua. Chagua." Nami ndani ya chumba changu, pasi mkononi, nilichagua kuzima.

Lakini mvua ya mawe ilipotoboa bati juu ya kitanda changu, hakutuma fundi. Alipanda mwenyewe, katika umri ambao wenzake hawapandi hata ngazi za kanisa. Nilisimama chini nikimwomba ashuke. Alinijibu kutoka juu kwamba fundi hutengeneza tundu moja na kuacha mawili. Aliposhuka alinipa chai, halafu akakumbuka kuniambia kwamba sukari ni ya wageni, na mimi si mgeni. Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa tusi au heshima.

Njia aliyotaka kuirithisha inahitaji maelezo. Kiwanja chake kinaanzia juu, barabarani, kinashuka mteremko mpaka kwenye ukuta wa matofali. Chini ya ukuta huo nyumba zimebanana mpaka kwenye korongo. Watu wa kule wana njia yao ya kufika barabarani, lakini inazunguka kwenye korongo, na mvua ikinyesha inageuka utelezi mtupu. Njia fupi ilipita kwake: mlango mdogo wa chuma kwenye ukuta, kisha ngazi za simenti kando ya ua, kisha barabara. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa miongoni mwa zile za shingoni.

Aliyetaka kupita alisimama chini na kuita. Bailleur alishuka taratibu, akasimama nyuma ya mlango, akauliza mtu anatoka wapi, anaenda wapi, amebeba nini, kama mtu wa forodha pale mpakani Ruzizi. Alikuwa na kanuni. Mgonjwa alipita. Jeneza lilipita. Bibi harusi alipita, na siku hiyo hata aliufagia mlango. Maji hayakupita, magunia ya makaa hayakupita.

"Makala ipite kwa njia ya Serikali," alisema. "Miye si Serikali."

Mchana mmoja wa mvua walimleta mama mwenye uchungu wa kuzaa, amelazwa kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti tunachobebea wagonjwa. Bailleur alifungua kabla hawajaita. Alitembea kando yao ngazi zote, akiushika mwavuli wake juu ya uso wa yule mama, yeye mwenyewe akilowa. Na njia nzima aliwagombeza wabebaji. "Angalieni simenti yangu. Weye wa nyuma, unakamata mutu ao unakamata muhogo? Mama, usiogope, hawa ni wajinga lakini banafika." Walipofika juu alirudi kuosha matope kwenye ngazi, akilalamika mpaka jua likatoka.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimtafutia sifa moja, nyingine inakuja kuipinga. Katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakristo inayosali nyumba kwa nyumba, aliwaombea kwa urefu usio wa kawaida watu wote walio safarini. Kisha alitoka wa kwanza ili awahi kukagua kama mlango wake umefungwa.

Nadhani ninajua lini alianza kufikiria kuitoa njia ile, ingawa hakupenda kuulizwa. Alikwenda Luvungi kumtembelea mtoto wake wa kwanza, ambaye analima mpunga huko. Akiwa huko, mzee mmoja wa chini ya ukuta alifariki. Ufunguo ulikuwa Luvungi, shingoni mwa Bailleur. Mvua ilikuwa imeichukua njia ya korongo. Watu walisimama na jeneza mbele ya mlango uliofungwa, kisha wakaweka meza, vijana wakapanda juu ya ukuta, na jeneza likapitishwa juu kwa mikono. Nilikuwa mmoja wa waliolipokea upande wetu. Lilikwaruza matofali ya juu, rangi ikatoka.

Bailleur aliporudi aliuona mkwaruzo kabla hajaweka mfuko wake chini. Nilimweleza. Alikwenda chini kutoa pole, akakaa kwenye matanga na wenzake, akarudi. Baada ya siku kadhaa aliniambia, bila mimi kuuliza:

"Hakuna mutu alinisema. Ata mujane alinipa kiti. Wangenisema, ningejibu. Niko na majibu mingi."

Ukuta ule alikuwa akiupaka rangi kila mwaka kabla ya Pasaka. Mwaka ule aliupaka wote, akaacha pale palipokwaruzwa.

Ndipo akaja kibandani kwangu, amevaa koti la misa.

"Kijana, andika. Njia ile ya pembeni, nikikufa, ibaki ya kupita."

"Unaipa nani, Papa?"

"Naipa kupita."

"Kupita haiwezi kurisi, Papa. Lazima kuwe mutu, ao kitu sheria inajua."

Alifikiri. "Andika l'État, Serikali." Kisha akaweka kiganja juu ya kibodi ili nisiandike. "Hapana. L'État itauza asubui."

"Parokia?"

"Padri atapanda maua, kisha atafunga mulango na kadenasi juu ya kulinda maua."

"Basi tunaandika parokia, na sharti kwamba isifungwe hata siku moja."

"Andika sharti mbele," alisema. "Parokia kisha."

Nilimweleza nilichokijua, na hicho nilikijua sawasawa: sheria inawawekea watoto sehemu kubwa ya mali ambayo baba hawezi kuigusa, na kinachobaki anaweza kumpa amtakaye. Ukanda ule wa pembeni ulikuwa mdogo, haungemnyima mtoto yeyote haki yake. Alifurahi. Nilimshauri pia aite mpimaji wa ardhi auwekee mipaka, na kweli alimwita, akamfuata kila hatua akimlaumu kwamba anapima kwa haraka. Lakini nilipomuuliza kwa nini anangoja kufa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Ningali mzima, ufunguo ni yangu. Nikikufa, nitakuwa mutu muzuri. Haraka ya nini?"

Niliandika. Nimekwisha kueleza niliandika vipi.

Kosa niliambiwa na mteja. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi moja ya hati hapa mjini, alikuja kutoa fotokopi, akaona kwenye kioo cha kompyuta ule ukurasa wenye fremu, ambao nilikuwa nimeuhifadhi kama kielelezo cha kazi zangu bora.

"Hii uliandikia mutu?" aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Ni mfano tu."

"Muzuri. Juu ya kama uliandikia mutu, mutu ule akikufa, karatasi hii batoto bake banaweza kufungia karanga."

Akanieleza. Alipoondoka nilifunga kibanda mchana. Ningepaswa kwenda moja kwa moja kwa mzee, na sikwenda. Nilijiambia kwamba nitasoma kwanza sheria yote, kila kifungu, ili nimpelekee kosa pamoja na dawa yake, bila doa. Nikasoma. Kila nilipomaliza nilikuta kifungu kingine. Nilikuwa bado nasoma wakati kiharusi kilipompata Bailleur kwenye ngazi zake mwenyewe, ufagio mkononi.

Hakufa. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa juu ya mto kando yake kama kitu ambacho mtu alimwachia amtunzie. Nilipouona nilielewa nilichokifanya: mkono uliokuwa na uwezo wa kuandika ukurasa mmoja wakati wowote, sasa usingeandika tena.

Nilimwambia siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote, pamoja na majuma niliyokaa kimya. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Kumbe," alisema taratibu, "ulinifanyia mapambo."

"Ndiyo, Papa."

"Ilikuwa mapambo muzuri." Akapumzika. "Sasa inakuwa namna gani?"

Nilimweleza habari ya notaire na mashahidi, na kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto kinatosha. Nilikuwa tayari kwenda kumtafuta notaire asubuhi ileile. Alitikisa kichwa.

"Kwanza batoto. Kama miye napashwa kusema na mudomo, banisikie na masikio yao."

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni yule wa Luvungi. Wa pili ni binti anayekaa Nguba na kufanya kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada. Walikuja Jumapili baada ya misa, kaka na kifuko cha mchele, dada na dawa za baba. Mimi nilikaa pembeni, maana mzee aliamuru niwepo nisome lile sharti. Nililisoma.

Mtoto wa kwanza alingoja nimalize. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa.

"Papa, hii kipande ukiitosha kwa parcelle, kiwanja inabaki mukia. Nani atanunua mukia?"

"Nani alisema inauzwa?"

Aligeuza kikombe mkononi. Kisha akasema, "Mutu alishaniuliza. Anataka kujenga étage, nyumba ya gorofa."

"Alikuuliza weye. Na miye niko hapa, na funguo kwa shingo."

"Usikasirike, Papa. Wacha niseme, kisha unigombeze." Aliweka kikombe chini. "Miaka yote ulifunga. Batu ba chini banatuchukia siye sababu ya mulango ile. Sasa unataka ukishakufa, siye njo tufungue, siye njo tupoteze. Weye unabaki na jina muzuri. Papa, unatoa na mukono yetu."

Kahawa ilibaki kwenye vikombe. Nilimtazama binti nikitumaini atamtetea baba yake, kwa sababu kazi yake kila siku ni kutoa, na kwa sababu nilitaka mtu amtetee. Alikuwa anapanga vidonge kwenye kifuniko.

"Yaya anasema kweli," alisema kuhusu kaka yake, bila kuinua macho. "Papa, kama ni kitu muzuri, ianze leo, na weye uko unaona. Kama haiko muzuri, usituachie."

Bailleur alikuwa mtu wa majibu mengi, mwenyewe alisema. Alinitazama mimi, nami nikatazama karatasi. Mwishowe mkono wa kushoto ulipanda shingoni, ukaishika kamba ya kiatu, ukavuta. Ilinasa kwenye sikio. Binti alisimama kumsaidia.

"Pole pole," alisema mzee. "Sikio ni yangu."

Alitafuta ufunguo mmoja kwa kidole gumba, akauonyesha, binti akautoa kwenye kamba. Nyingine alizirudisha shingoni.

"Enda weye," alimwambia mtoto wake wa kwanza. "Miye miguu yangu haishuki."

Alishuka, nami nikamfuata. Kufuli ilikuwa imepakwa mafuta vizuri, ilifunguka bila kelele. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Tulisimama pale, wanaume wawili, mlango wazi mbele yetu, hatujui la kufanya. Baadaye alikuja mama mmoja na beseni la unga kichwani. Alisimama mbali.

"Bailleur iko?"

"Iko kule juu," alijibu mtoto wa kwanza.

"Anasema nini?"

"Anasema mupite."

Mama alitutazama, akautazama mlango, akatutazama tena. Kisha akageuka, akaenda zake kwa njia ya korongo. Hakuamini.

Ilichukua muda watu kuamini. Walianza watoto wa shule, halafu wagonjwa, halafu magunia. Kabla hayo hayajatulia, tulimpeleka mzee kwa notaire. Ofisi iko juu, haina lifti, na ni mtoto wa kwanza aliyembeba mgongoni. Nilikuwa nyuma yao nikiwa nimebeba fimbo, na nilimsikia mzee akimwambia mwanawe sikioni kwamba wakati wake yeye watu walibeba baba zao bila kupumua kwa nguvu hivyo. Notaire aliuliza, mzee akajibu, mashahidi wakasikia. Maneno yaliandikwa, sharti mbele na parokia kisha, kwenye karatasi ya kawaida isiyo na fremu. Nilipoona kwamba mistari miwili ya mwisho haikunyooka, nilijizuia kusema.

Mara ya mwisho nilipoongea naye kwa kirefu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya ngazi, pale ambapo njia inaingia barabarani. Ndipo alipokuwa akikaa kila asubuhi tangu mlango ufunguliwe. Aliwaambia watu wapanguse miguu. Kijana mmoja alipita na gunia la makaa, mzee akalitazama gunia likipita kama mtu anayetazama gari la adui.

"Umeona?" aliniambia. "Makala."

"Nimeona, Papa."

"Mbele walikuwa wananisalimia muzuri. Mutu alisimama pale chini, aliuliza habari ya mugongo, ya batoto, ya mpunga ya Luvungi. Sasa banasema 'Bonjour Papa' na bako banatembea. Ata hawasimame."

"Unajuta?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta jibu la kweli na si la kumfurahisha mgeni.

"Kila siku," alisema. "Kila siku asubui nafikiri: leo nafunga. Kisha mutu anapita, nachelewa. Anapita mwengine." Alimwonyesha kwa kidevu msichana aliyekuwa akipanda na nduguye mgongoni. "Weye, pangusa miguu. Mudogo yako naye, kama anatembea."

Msichana alicheka, akapangusa, akapita.

Alifariki katika msimu wa kiangazi. Mnunuzi yule aliyetaka kujenga ghorofa alirudi, na mtoto wa kwanza akamwambia kiwanja kina njia ya watu ndani yake, akitaka anunue hivyo hivyo. Hakununua. Njia iko, na mlango hauna kufuli.

Kazi yangu sasa naifanya tofauti. Siandiki tena wosia wa mtu yeyote, hata akinisihi. Nampeleka kwa notaire siku hiyo hiyo. Na kabla hatujaondoka kibandani, anayetaka kuacha kitu kwa ajili ya wengine namuuliza kama watoto wake wanajua, na kama kitu hicho hakiwezi kuanza yeye akiwa hai. Wengine hukasirika na kwenda kwa mwingine. Waliobaki wamerudi kwangu na watoto wao.